Tiketi Iliyotumwa kwa Simu kutoka Kasulu: Vipi Tutajua Kuwa ni ya Kweli?

   

SUALI:

Assalamu alaykum Sheikh. Sisi ni familia ya Unguja. Binti yetu ameolewa Kasulu, mkoa wa Kigoma, na kijana ambaye asili yake ni Kongo na wazazi wake wanaishi kambi ya Nyarugusu. Mkwe wetu ametwambia kuwa wadogo zake wawili wamepata safari ya Canada, na wakala aliyoko Kibondo ametuma tiketi zao kwa WhatsApp. Mchango umekusanywa na mwalimu mmoja wa madrasa hukohuko, tunayemjua na tunamheshimu. Sisi tumetoa shilingi 700,000 mara ya kwanza. Baadaye mkwe wetu alimwambia mwalimu aende kwanza akaulize ofisini kambini kabla ya kupeleka pesa nyengine, lakini hakwenda, akapeleka 500,000 zetu nyengine. Mama wa vijana ameuza cherehani yake na amekopa 800,000. Sasa wakala anataka milioni tatu na nusu kabla ya Ijumaa, laa sivyo viti vitauzwa, na anasema sehemu ya pesa ni "chai" ya kuweka majina kwenye orodha. Je, tiketi hizi ni za kweli? Na kama si za kweli, mwalimu analazimika kutulipa?

JAWABU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

La kwanza, musitoe hata shilingi moja zaidi. Nimeiangalia picha mliyotuma. Hiyo si tiketi, wala Ijumaa hakuna kiti kitakachouzwa, kwa sababu hakuna kiti. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa suali la namna hii limetufikia zaidi ya mara moja, na wanaouliza si watu wa kambini tu. Wapo wanaokwenda Umra, wapo wanaopeleka vijana kazini Oman na Dubai, na wote huletewa karatasi ileile yenye nembo ya ndege juu na mistari mingi ya herufi chini.

Karatasi yenu inaonesha ndege ya Ethiopian ikiruka kutoka Kigoma mpaka Addis Ababa, kisha Toronto. Anayeijua Kigoma atacheka hapo hapo. Uwanja ule unahudumiwa na ndege za ndani. Anayetoka huko kwenda Addis Ababa atapita kwanza Dar es Salaam au uwanja mwengine wa kimataifa, na hilo lingeonekana kwenye tiketi kama kipande cha safari chenye ndege yake na saa zake. Aliyeitengeneza karatasi hii alichukua tiketi ya mtu mwengine, akabadilisha jina na mji wa kuondokea, akasahau kuwa ndege haiendi kila mahali penye uwanja.

La pili, vijana ni wawili lakini namba ya tiketi ni moja. Hili haliwi. Namba ya bukingi inaweza kuwa moja kwa watu wa familia wanaosafiri pamoja, lakini tiketi kila mtu ana yake, hata mtoto mchanga anayebebwa mapajani. Na namba yenyewe kwenye karatasi yenu ina tarakimu kumi na moja, wakati namba ya tiketi ya ndege ina tarakimu kumi na tatu.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na lina faida. Tarakimu tatu za mwanzo katika hizo kumi na tatu ni alama ya shirika lililotoa tiketi. Ethiopian ni 071. Kenya Airways ni 706. Qatar ni 157, Emirates ni 176, Oman Air ni 910, Saudia ni 065, Turkish ni 235. Za kwetu, Air Tanzania ni 197 na Precision Air ni 031. Ukiletewa karatasi yenye nembo ya Oman Air na namba inaanza 176, simama uulize. Sisemi moja kwa moja kuwa ni ya uongo, kwa sababu mashirika yana makubaliano, na shirika moja linaweza kutoa tiketi yenye kipande cha safari cha ndege ya shirika jengine. Lakini wakala mkweli atakueleza hilo kwa sentensi moja. Tapeli atakasirika.

Namba ya bukingi ni kitu chengine. Hiyo huwa na herufi na tarakimu sita, imechanganywa, na ndiyo ambayo watu wengi huiita PNR. Na hapa ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe, nawaeleza ili musidhani kuwa nawafundisha kutoka juu ya mimbari tu.

Miaka michache nyuma jirani yangu alitaka kumpeleka mama yake Umra. Akanijia baada ya Isha na simu mkononi, "Sheikh, wewe umesoma, niangalizie hii." Nikachukua zile herufi sita, nikafungua tovuti ya shirika la ndege, nikaandika na jina la ukoo la bibi. Ikafunguka! Jina lipo, tarehe ipo, Jeddah ipo. Nikamwambia, "Mlipe mtu wako, safari hii ipo." Akalipa zote. Siku ya safari bibi amefika uwanjani na ndugu kumi na wawili wa kumuaga, ihramu za wajukuu zimeshapigwa pasi, akaambiwa kwenye kaunta kuwa bukingi ilikuwepo lakini ilifutika zamani kwa kuwa haijalipiwa. Wakala simu yake haipatikani. Yule bibi hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kosa langu lilikuwa kutotofautisha baina ya kuwekewa kiti na kukatiwa tiketi. Wakala yeyote mwenye mtambo wa bukingi anaweza kukuwekea kiti bila ya kulipa hata senti. Shirika humpa muda, saa kadhaa au siku kadhaa, na katika muda huo ukiangalia utaona safari imethibitishwa. Karatasi inaweza hata kuandikwa herufi HK, na watu hukwambia "HK maana yake imeshakubaliwa." Kweli imekubaliwa, lakini kiti ndicho kilichokubaliwa kukungojea. Muda ukipita bila ya malipo, mtambo unafuta. Tiketi huwepo pale tu pesa ilipofika kwa shirika na namba ya tarakimu kumi na tatu ikatoka. Kwenye karatasi mara nyingi namba hiyo hutanguliwa na herufi ETKT. Kwa hiyo ukifungua tovuti usitosheke kuona jina na tarehe. Tafuta namba ya tiketi. Usipoiona, piga simu shirika au nenda ofisini kwao, usome namba hiyo na uulize suali moja: tiketi hii imetolewa na iko wazi kwa kusafiria?

Tena tovuti uiandike mwenyewe kwa mkono. Kiungo alichokutumia wakala usikibonyeze, kwa sababu mtu anayeweza kutengeneza tiketi ya uongo hashindwi kutengeneza na tovuti ya uongo. Vivyo hivyo namba ya simu ya shirika usiichukue kwenye karatasi yenyewe.

Kuna hila nyengine iliyo nzito kidogo. Wakala anakata tiketi kweli, unaiangalia, iko sawa, unamlipa, kisha anaifuta. Tiketi nyingi zinaweza kubatilishwa na wakala siku ileile ilipotolewa, na zile za bei ya kurejesheka zinaweza kurejeshwa hata baadaye, na pesa hurudi kwake yeye aliyelipa, si kwako. Pia wapo wanaokata tiketi kwa kadi ya benki iliyoibiwa Ulaya au Marekani. Mwenye kadi akigundua, malipo hurejeshwa na tiketi hufa, pengine siku moja kabla ya safari. Dawa ya haya ni kuangalia zaidi ya mara moja, siku ya kulipa, siku inayofuata, na tena wiki ya safari. Na kulipa mahali penye jina: duka lenye leseni, akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni, na risiti ya kielektroniki. Kabla hujatia namba ya siri, simu hukuonesha jina la anayepokea. Ukiona jina la mtu binafsi ambaye humjui, wakati umeambiwa unalipia kampuni, ghairi.

Tiketi rahisi mno nayo itie shaka. Mtu haachi faida yake bure kwa ajili ya watu asiowajua.

Hayo ni ya tiketi kwa jumla. Tuje sasa kwenye safari yenyewe ya vijana wenu, kwa sababu hata kama karatasi ile ingekuwa nzuri kuliko zote, bado isingekuwa ya kweli. Safari za wakimbizi hazikatiwi tiketi hivyo.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, pale vita vya Kongo vilipovusha watu Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yakaleta maelfu wengine, Nduta iliyoko wilaya ya Kibondo ikafunguliwa tena, na Mtendeli, Kakonko, ikafuata, mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Kabla ya hapo kulikuwa na Mtabila, Kasulu, iliyofungwa mwaka 2012. Watu wameishi huko kizazi kizima. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa leo ana watoto wake. Nimewahi kufika Kasulu kwa darsa, nikakutana na vijana kwenye msikiti wa mjini waliokuja na vibali vya kutoka kambini, na kila mmoja ana jina la mji wa ng'ambo mdomoni: mmoja ana shangazi Ohio, mwengine ana rafiki Australia. Na si ndoto tupu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa Marekani kwa maelfu kutoka kambi za mkoa huo, na kuanzia mwaka 2015 Wakongo wengi wa Nyarugusu nao wakaanza kuondoka. Wametoka majirani, wametoka watu waliokuwa wakichota maji bomba moja. Tapeli anauza kitu ambacho mnunuzi amekiona kwa macho yake kikimtokea mwenzake. Ndiyo maana nawaomba mulio visiwani musiwacheke wala kuwaita wajinga.

Utaratibu wa kweli ni huu. Mkimbizi haombi safari dukani. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ndilo linalochagua majina kwa kuangalia hali ya mtu, kama vile mjane mwenye watoto, mgonjwa ambaye tiba yake haipatikani, au mtu ambaye hata kambini hana amani. Linapeleka faili kwa nchi inayopokea, na nchi hiyo ndiyo inayohoji na kukubali au kukataa. Kwa Marekani, mahojiano ya mwanzo na matayarisho ya mafaili yalikuwa yakifanywa na ofisi maalum yenye makao Nairobi. Baadaye kuna vipimo vya afya, kuna mafunzo ya kuijua nchi mpya, na kuna kibali cha kutoka kinachotolewa na Serikali ya Tanzania kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani. Hatua hizi huchukua miezi mingi, na mara nyingi miaka. Kwa kawaida si jambo la wiki mbili.

Na tiketi? Tiketi hupangwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Wao ndio wanaoweka viti, wanawapeleka wasafiri kwa basi au ndege mpaka uwanja wa kimataifa, wanawasindikiza, na karatasi za safari huzitia ndani ya ule mfuko wa plastiki wenye nembo yao ambao kila aliyewahi kupita uwanja wa Nairobi au Addis Ababa ameuona. Mkimbizi halipi kitu kabla ya kuondoka. Wanaokwenda Marekani hutia saini hati ya kukopeshwa nauli, na huilipa kidogo kidogo baada ya kufika na kupata kazi. Mkopo huo hauna riba, nalitaja hili kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Huduma zote za UNHCR na IOM katika jambo hili ni bure, kuanzia fomu ya mwanzo. Mtu yeyote anayetaka pesa, hata kama amevaa fulana ya shirika na ana kitambulisho shingoni, anaiba.

Nasema hata kama ana kitambulisho kwa sababu ilishatokea. Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na mtandao uliowahusisha wafanyakazi wa ofisi ya UNHCR wenyewe, wakiuza nafasi za kwenda Ulaya na Marekani. Umoja wa Mataifa ulichunguza, ukatoa ripoti, na watu wakashitakiwa. Tangu hapo mashirika yameweka njia za kupokea malalamiko. Lakini ufisadi wa kweli uliotokea mahali pengine ndio unaompa tapeli wa leo maneno ya kusema. Yeye husema "mimi nina mtu ndani," na msikilizaji anajua kuwa watu wa ndani wamewahi kuwepo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2024 pamezidi giza. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na watu waliokwisha kupangiwa ndege, waliokwisha kugawa vyungu na kuuza magodoro yao, wakafutiwa safari. Canada ina mlango mwengine, ambapo raia wake wanaweza kujikusanya na kumdhamini mkimbizi. Lakini mwisho wa Novemba 2024 nayo ilisimamisha kupokea maombi mapya ya makundi ya watu watano na ya jumuiya. Hata katika mlango huo, wadhamini wako Canada na wanajulikana kwa majina, na faili lina namba yake kwenye idara ya uhamiaji ya nchi hiyo. Muulizeni wakala wa Kibondo jina la mdhamini. Mlango wa kweli unapofungwa, wauzaji wa milango ya uongo huongezeka. Karatasi yenu imekuja katika wakati huo.

Sasa hukumu.

Allah katika Suratul Hujurat, aya ya sita, ametuamrisha kuhakikisha khabari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wafasiri wengi wametaja kuwa iliteremka katika kisa cha Bani al-Mustaliq, pale mtu aliyetumwa kukusanya zaka aliporudi na khabari isiyo sahihi, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) hakuwashambulia watu kwa neno la mtu mmoja. Kufungua tovuti, kupiga simu shirika, kwenda dirisha la malalamiko kambini, yote hayo ni kutekeleza amri hii. Asiseme mtu kuwa kuuliza ni kumdhania ndugu vibaya. Anayeuliza anamlinda hata wakala, akiwa mkweli.

Kuhusu aliyetengeneza karatasi, hukumu yake iko wazi. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta chini kimerowa, akamkaripia muuzaji na kueleza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Karatasi hii juu ni kavu, chini imerowa. Pesa aliyoichukua ni haramu kwake, haimiliki hata siku moja, na toba yake haitimii mpaka airudishe kwa wenyewe.

Hiyo "chai" ya kuweka majina ni rishwa, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji wake. Wapo wanafunzi watakaosema kuwa wanazuoni wameruhusu mtu kutoa kitu ili apate haki yake iliyozuiliwa na dhalimu. Ni kweli wamesema. Lakini nafasi ya safari haijawa haki ya vijana wenu. Majina ni machache na walio dhaifu ni wengi, na anayenunua nafasi anamtoa kwenye mstari mtu asiyemjua, pengine yule mjane mwenye watoto. Ikiwa mlijua tangu mwanzo kuwa pesa ni ya hiyo, leteni istighfari. Kwa maelezo yenu neno "chai" limekuja sasa hivi, katika milioni hizi tatu na nusu, basi lililopita mumesalimika nalo, na mbele musilisogelee.

Tuje kwa mwalimu. Hapa nimefikiri sana, kwa sababu suali lenu linagusa heshima ya mtu anayefundisha watoto Qur-ani.

Mwalimu alikuwa wakili wenu. Mlimpa pesa azifikishe mahali. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, wakili ni mwaminiwa. Mali ikipotea mkononi mwake bila ya yeye kuvuka mpaka au kuzembea, halipi, hata kama amepewa ujira kwa kazi hiyo. Kwa msingi huu, 700,000 za mwanzo hadaiwi. Yeye alidanganywa kama nyinyi mlivyodanganywa, na mlimtuma kwa ridhaa yenu mkijua ni nani anayepelekewa.

Zile 500,000 za pili si sawa na za mwanzo. Aliambiwa na mkwe wenu aende akaulize kabla ya kupeleka. Kutoka Kasulu mjini mpaka Makere na kambini si safari ya kumshinda mtu, na kuuliza hakuna malipo. Akaacha, akapeleka. Wakili aliyeshurutishwa jambo na asilifuate, au aliyezembea pale ambapo mtu wa kawaida asingezembea, anadhamini. Lakini kuna suali moja ambalo hamkulijibu: je, mkwe alisema kwa niaba yenu, au kwa fikra yake mwenyewe? Ikiwa ilikuwa ni amri yenu iliyopita kwa mdomo wake, mwalimu anadaiwa 500,000 bila ya shaka. Ikiwa ni ushauri wake binafsi, basi tunarudi kwenye ada: je, katika hali ile mtu mwangalifu angepeleka? Mimi naona asingepeleka, baada ya kutiwa shaka na ndugu wa wasafiri wenyewe. Kwa hiyo ninaloliona ni kuwa anadaiwa katika hali zote mbili, ingawa katika ya pili nakubali mwenzangu anaweza kuona vyengine.

Kuna ujumbe wake mliotuonesha unaosema, "Zikipotea nidaini mimi." Musiutegemee peke yake. Kwa kauli inayotegemewa kwa Mashafi'i, kudhamini deni ambalo bado halijathubutu hakusihi. Jamhuri ya wanazuoni wengine wanakuruhusu. Sijajenga hukumu juu ya ujumbe huo, nimeijenga juu ya uzembe. Lakini mtu anayeandika maneno kama hayo yafaa asikie aibu nayo.

Mkimdai, mdaini kwa upole na kwa muda anaouweza. Mshahara wa mwalimu wa madrasa kule mnaujua. Mkimsamehe, ni sadaka yenu, na si lazima. Ila musimtangaze misikitini kuwa ni mwizi, kwa sababu hakuiba.

Mama wa vijana ana mlango mwengine. Amekopa 800,000 kwa jambo ambalo kwa ujuzi wake lilikuwa halali, na sasa hana cha kulipia. Huyu ni katika gharimina, wenye madeni, mmoja wa wale wanane wanaostahiki zaka, mbali na ufakiri wake. Zaka yenu inajuzu kwenda kulipa deni hilo, na bora apewe anayemdai moja kwa moja kwa idhini ya mama. Hata kama ingejulikana kuwa alikopa ili atoe rishwa, Imam Nawawi katika Minhaj amesahihisha kuwa mwenye deni la maasi hupewa akishatubu. Hiyo cherehani haimo katika deni, lakini ni chombo chake cha riziki, na kumnunulia nyengine kwa fungu la mafakiri ni jambo ambalo Mashafi'i wanalijua vyema, kwani fakiri mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana zake.

Yaliyobaki ni ya kufanya leo, si kesho. Mlizotuma mara ya mwisho, pigeni namba 100 ya mtandao wenu, mueleze kuwa ni utapeli na mutaje namba ya muamala. Ikiwa bado hazijatolewa, zinaweza kuzuiwa. Namba ya wakala itumeni kwenda 15040, ambayo TCRA wameiweka kwa ajili ya namba za matapeli. Musifute ujumbe wowote, wala ile karatasi, wala sauti alizotuma, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahitaji ushahidi na nyinyi mnao. Anayeripoti polisi awe ni aliyetuma pesa, kwenye kituo cha alipo. Vijana na mama yao waende kwenye dirisha la UNHCR kambini au kwa Mkuu wa Kambi. Wengi huogopa kuwa wakisema majina yao yatafutwa kwenye orodha. Waambieni kuwa aliyetapeliwa akasema hapotezi kitu, na wakiwa hapo waulize hali ya faili lao la kweli, kama lipo. Yamkini lipo na wao hawajui.

Kwa wanaotaka Hija na Umra kutoka hapa visiwani, kabla ya kulipa uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama taasisi hiyo inatambulika. Kisha fanya yale ya tarakimu kumi na tatu.

Mkwe wenu mpeni salamu zangu. Yeye ndiye aliyesema "kaulize kwanza." Akitaka nizungumze na mwalimu, namba yangu mnayo, nampigia baada ya Alasiri.

Wallahu aalam.